Mlango Uliotangulia Nyumba

Arusha, 3 Oktoba 1912

Dada yangu Mwanahalima,

Shikamoo sana, tena shikamoo ya kupiga goti, ingawa goti lenyewe siku hizi limevaa suruali ya Kidachi na sitaki ichafuke. Mimi mzima, nimenenepa kama ng'ombe wa Kaburu. Wewe je? Miguu bado inavimba? Na nyumba ya mama, inasimama?

Sasa kaa kitako nikwambie. Siku Mungu alipokuwa akigawa bahati, mimi nilipewa yangu, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaja kupewa tena. Dada, nina nyumba! Usidhani kibanda. Nyumba ndefu ya vyumba kumi na viwili, chini kidogo ya Boma, imepigwa chokaa mpaka jua likiwaka wapita njia wanafumba macho. Mlima Meru nauona nikiwa nimelala, nikifungua jicho moja tu. Ndani mna wapangaji wa kila kabila, Wanyamwezi, Wanyiramba, watu wa Kondoa, Mmanyema mmoja mpiga ngoma. Asubuhi wananiamkia, "Bwana Jabiri, umeamkaje?" Nami nawajibu kwa mkono, maana mdomo wa tajiri hauchoshwi mapema.

Kazi yangu iko Boma. Yote siwezi kukuandikia kwa sababu ya siri za serikali, ila ujue kuta zile hazipendezi mpaka nimezipitia mimi.

Mke bado. Wanaonitaka wengi, nachuja.

Wasalimie wote, na wale waliosema nitaishia jela wasalimie mara mbili.

Mdogo wako mwenye nyumba,
Jabiri


Pangani, Mfunguo Pili

Mdogo wangu Jabiri,

Marahaba, na goti nimelipokea pamoja na suruali yake. Mimi sijambo kidogo. Miguu ni ile ile, na kifua kimeanza kunikumbusha kwamba nacho kipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili kwa furaha, mara ya tatu kwa sababu mwandiko wako ni nyayo za kuku. Wale walimu wa Kidachi walikupiga miaka miwili bure. Lakini nililia, Jabiri. Nilitoka nayo nje nikawasomea majirani. Wale wa jela niliwasomea kwa sauti zaidi.

Umeniuliza nyumba ya mama. Ukuta wa upande wa kisima umepasuka, mkono unapita. Usiku nasikia udongo unadondoka kidogo kidogo, kama mtu anayekula karanga. Basi katika hivyo vyumba kumi na viwili, kimoja usikipangishe. Kiwe upande usiopigwa na baridi. Mimi sitaki makuu, kitanda na mahali pa kuweka mtungi. Nimekulea kwenye mkeka mmoja, nawe ulikuwa ukipiga mateke usiku kucha. Nadhani sasa unaweza kunipa chumba.

Niambie nije lini.

Dada yako,
Mwanahalima


Arusha, 12 Desemba 1912

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uko hai, nimechukia kusikia habari ya kifua. Tafuta tangawizi, chemsha, kunywa, usinibishie.

Chumba chako kipo, ila usije sasa. Mvua za vuli zimeharibu njia ya Moshi, magari ya ng'ombe yanazama mpaka kwenye mhimili. Tena nimekamatwa na shughuli kubwa.

Ubavuni mwa nyumba yangu pana banda refu la mtu wa pwani, Mzee Selemani bin Hamadi. Tajiri, ndevu nyeupe, tasbihi ndefu, na yeye ndiye anayetunza jeneza la mtaa. Wapangaji wake ni vibarua, watu waliokuja kutafuta riziki wasio na ndugu huku. Kodi wanalipa. Lakini mzee ameweka sharti: kila chumba kitoe mtu mmoja wa kumbebea mzigo hadi stesheni ya Moshi, kila mwezi, bure. Asiyetoa mtu anatoka chumbani.

Kuna mwanamke wa Kondoa anaitwa Nusura, anauza vitumbua. Mumewe alikwenda na mzigo wa Selemani, akafia njiani kwa homa. Juzi Selemani akamwambia, "Chumba chako hakijatoa mtu." Nusura akamjibu, "Kilitoa. Hakikurudishiwa." Mzee akasema, "Basi beba wewe."

Dada, mimi nilikuwa nimekaa pale nakula kitumbua cha Nusura. Nikakiweka chini. Nikasimama mbele ya watu wote.

"Mzee Selemani," nikasema, "punda wako unampangisha chumba?"

"Punda gani?"

"Yule mweupe."

"Punda analala bandani, we mtoto."

"Kodi analipa?"

"Punda alipe kodi?"

"Basi huyo ana haki ya kubebeshwa. Hawa wanalipa kodi. Chagua moja, mzee, ama uchukue kodi ama ufuge punda."

Watu walicheka mpaka Mmanyema akaangusha ngoma. Nusura hakucheka, alinitazama tu, na kikapu chake kichwani. Jioni wakaja wote wakaniambia niwe mkubwa wao. Tumekula kiapo: kodi tutalipa, mzigo hatubebi, na akifukuzwa mmoja tumefukuzwa sote. Mnyamwezi mmoja, Mayunga, mtu mzima mwenye mabega kama lango, ameshika mkono wangu akasema, "Wewe una mdomo, sisi tuna migongo. Tukae pamoja." Nusura naye ananiletea vitumbua vilivyoungua. Anasema vya kuungua ndivyo vya watu wasemaji. Nusura huyo bwana!

Mdogo wako, mkubwa wa watu,
Jabiri


Pangani, Mfunguo Tano

Mdogo wangu Jabiri,

Marahaba. Tangawizi nimekunywa, na bado nakohoa, kwa hiyo uganga wako ni kama mwandiko wako.

Huyo Nusura umemtaja mara nyingi kuliko jina la Mungu. Nimeona. Sisemi kitu.

Jambo moja halinikai vizuri. Wewe una nyumba yako na wapangaji wako. Vipi wapangaji wa mwenzio wakufanye wewe mkubwa wao? Lakini moyo wako naujua. Ulikuwa mdogo, nakupikia ubwabwa, unatoka nao nje unawagawia watoto wa jirani, halafu unarudi kunililia njaa. Angalia tu usigawe na nyumba.

Ukuta umeanguka, Jabiri. Mchana, mimi nipo kisimani, namshukuru Mungu. Paa limefuata. Nalala ukumbini kwa Bi Rukia, ananitendea wema, lakini ukumbi wa mtu ni wa mtu. Nikikohoa nafunika mdomo kwa upande wa kanga nisiwaamshe.

Mlango umepona. Ule wa mama, wenye maua ya kuchongwa na pete ya shaba. Unakumbuka alivyokuwa akiupaka mafuta ya nazi kila Idi, anatufukuza tusiuguse? Umesimama peke yake na fremu yake, hauna nyumba nyuma. Watu wakipita wanacheka. Nikaona hapana. Nyumba ya vyumba kumi na viwili haiwezi kuwa na mlango wa mbao za sanduku. Nimeutoa, nimeufunga kwa magunia, umekwenda Tanga, na kutoka Tanga umepanda garimoshi. Ukifika Moshi tuma gari. Utangulie mlango, mimi nitafuata.

Ukiupachika niandikie kama umekaa vizuri.

Dada yako,
Mwanahalima


Arusha, 1 Machi 1913

Dada yangu,

Shikamoo. Mlango umefika! Umeletwa na gari la Kaburu, ng'ombe kumi na sita, kana kwamba anakuja Sultani. Tulipoufungua magunia mtaa mzima ulitoka. Nusura alipitisha kidole kwenye maua yale, ua moja hadi jingine, akaniuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamwambia, "Mkali." Akasema, "Inaonekana."

Umefika wakati wake, maana huku milango imekuwa adimu. Selemani ameona hatubebi. Kutufukuza kwa nguvu hataki, akida wa serikali asije akauliza sababu. Basi alikuja na mafundi akang'oa milango yote ya banda lake. Yote! Akasema inakwenda kutengenezwa. Sasa watu wanalala wazi. Usiku fisi anapita anachungulia kama mgeni anayetafuta nyumba ya harusi. Baridi ya mlimani inaingia inakaa kitandani na mtu. Nusura amepata kikohozi kama chako.

Usihuzunike, mdogo wako hajalala. Ng'ambo ya mto Themi, upande wa Kijenge, yuko mzee wa Kiarusha anaitwa Sironka. Ana migomba, ana ng'ombe, na pembeni ana kipande cha ardhi kimelala tu. Mkewe Simaloi hutuuzia maziwa, Kiswahili anakijua. Nikasema, kwa nini tuombe milango? Tuombe ardhi, tujenge wenyewe.

Mayunga akaniambia, "Hawa watu ukiomba ardhi unakwenda na pombe ya asali." Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Mimi Mwislamu nibebe kibuyu cha pombe barabarani? Wewe ulizaliwa kubeba, mimi nilizaliwa kusema. Niachie." Nikachukua sukari ya dukani kwa Mhindi, ile nyeupe kabisa, na doti ya kitambaa kwa Simaloi. Nikaenda, nikasema, dada, nilisema mpaka nikajisikiliza mwenyewe. Mzee Sironka akalamba sukari, akacheka, akanishika mkono, akatema mate kidogo kiganjani mwangu, ndiyo baraka yao. Mambo yamekwisha! Watu wameanza kukata miti.

Mlango wa mama umetulia, usiwe na wasiwasi nao.

Mdogo wako,
Jabiri


Pangani, Mfunguo Saba

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo naandika kwa haraka, anayepeleka barua Tanga amesimama mlangoni kwa Bi Rukia ananung'unika.

Nimepata mtu wa kununua kiwanja cha mama. Mtu wa minazi, anataka kupanda mpaka pale palipokuwa na jiko. Si bei mbaya, ni nauli yangu na kitu cha kuanzia huko kwako. Lakini nikiuza nimeuza, hapa sitakuwa na hata mahali pa kusimama nikasema ni petu. Nimemwambia asubiri nipate neno lako. Niandikie neno moja tu: njoo.

Na hukuniambia kama mlango umekaa vizuri. Umesema umetulia. Paka ndiye hutulia. Mlango hupachikwa.

Mwambie huyo Nusura wa kikohozi anywe maji ya moto. Nitamletea mafuta ya nazi. Nimeshaamua kumpenda.

Dada yako,
Mwanahalima


Pangani, Mfunguo Nane

Jabiri,

Barua yangu hujaijibu. Nimekwenda kuuliza mara nyingi mpaka karani wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Huko kwenu masika yameshika sana, watu wanasema. U mzima? Una homa? Mimi mzima. Mnunuzi amerudi, nimemwambia asubiri tena. Amenuna.

Nadhani umekasirika kwa maneno ya paka. Nilikuwa nacheka tu, mdogo wangu. Mlango uweke unavyotaka.

Dada yako


Arusha, 2 Juni 1913

Dada yangu Mwanahalima,

Shikamoo. Sijakasirika. Barua zako zote mbili ninazo hapa. Mwili wangu mzima.

Nusura amekufa.

Nikwambie mwanzo hadi mwisho, usinikatize, hata kwa moyoni.

Tulivuka Themi na miti mabegani kwenda kujenga. Tukakuta vijana wa Sironka wamesimama na mikuki. Hawakututukana. Akaja mzee mwenyewe na Simaloi akitafsiri. Nikasema, "Mzee, umesahau? Tulikubaliana, ukanitemea na baraka." Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa mwenzake. Akasema, "Ulikuja kuniamkia, nikafurahi. Ulileta sukari. Sikusikia ukiomba kitu."

"Nilisema mchana kutwa!"

"Ulisema. Anayeomba ardhi analeta asali. Asali ndiyo inayowaita watu wa rika langu wakae chini, wanywe, wasikie ninayempa na mpaka unapofika. Ile sukari nimeilamba peke yangu. Kesho nikifa, nani atasema aliona?"

Dada, sikuwa na jibu. Mimi!  Mayunga alikuwa nyuma yangu, hakunicheka. Aliweka mti chini, akamwuliza Simaloi asali inapatikana kwa nani. Akaenda kuitafuta, akaomba chungu, akaanza kutengeneza pombe. Lakini pombe ya asali haichachuki kwa sababu mtu ana haraka. Na masika yakaanza siku zile zile.

Tukarudi katika vyumba visivyo na milango. Mvua ya huku haianguki, inatupwa. Iliingia mpaka ukutani. Kikohozi cha Nusura kikashuka kifuani, akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima amekaa.

Nikachukua mlango wa mama. Nikaupeleka kwake. Tundu la chumba chake ni dogo, mlango ni mkubwa, hauingii. Nikachukua msumeno kwa fundi. Nusura akaushika mkono wangu, akasema, "Usiukate. Wa mama yako." Nikasema, "Mama hayuko tena." Akasema, "Dada yako yuko. Atakuja na mafuta yake ya nazi akute nini?" Nilikuwa nimemsomea barua yako. Alikuwa akicheka pale uliposema umeshaamua kumpenda, ananiambia rudia.

Basi hatukuukata. Tuliuegemeza kwa nje, tukaufunga kamba, mimi na Mayunga tukawa tunapokezana kuushika upepo ukija. Ulisaidia kidogo. Maji yalipita chini.

Alikufa alfajiri, zamu yangu. Nilikuwa nimeshikilia mlango kwa nje, namsimulia upuuzi kwa sauti, habari ya punda wa Selemani. Alikuwa akinijibu. Halafu nikawa nasema peke yangu, na sikujua.

Wanawake walimwosha. Jeneza liko kwa Selemani, na hakuna aliyetaka kwenda kuliomba. Mayunga alifungua zile kamba. Aliulaza mlango chini. Tukamlaza Nusura juu yake, juu ya maua yale, tukambeba sote, kila chumba kikatoa mtu. Njia ya makaburini inapita pembeni mwa migomba ya Sironka. Mzee alikuwa amesimama kwenye mvua. Akamwuliza mkewe, "Wamembeba nani juu ya mlango?" Simaloi akamwambia, "Yule wa vitumbua." Mzee akavua shuka lake la kichwani.

Pombe ilipokuwa tayari Mayunga aliibeba. Mimi nilifuata nyuma, mikono mitupu, sikufungua mdomo. Wazee wa rika wakakaa, wakanywa, Sironka akasimama akaonyesha mpaka: huu mwerezi, lile jiwe, hadi majini. Kila mmoja akasema nimesikia. Wapangaji wamepata ardhi, dada. Wanajenga sasa hivi ninapoandika. Mayunga amepaua jana. Milango yao ya fito, lakini hakuna fundi atakayekuja kuing'oa.

Mimi sijengi. Selemani amenishtaki kwa akida kwamba nachochea watu wasifanye kazi. Akida ameniita, amesema mwezi huu ukiisha asinione kuanzia Boma hadi Kijenge. Watu walitaka kwenda wote kunisemea, nimewakataza. Wakienda watapoteza hata ile ardhi. Nitashuka Moshi, nitafute kibarua kwa Mgiriki yeyote.

Mlango uko kwa Mayunga. Umesimama ukutani, haujapachikwa. Wameniomba niwaachie, wakifa wawe na cha kubebewa, wasimpigie Selemani hodi. Nimewaambia si wangu kuutoa, ni wako. Ukisema urudi, nitaurudisha Pangani, hata kwa kichwa changu. Ukisema ukae, Mayunga atautunza. Ameshaupaka mafuta, ya ng'ombe, ndiyo tuliyo nayo.

Sasa lile neno moja uliloniomba. Usiuze kiwanja. Mnunuzi akinuna mwache anune mpaka midomo imguse kidevu. Pasimamie hapo, hata kama ni magofu, useme ni petu. Usije.

Kule Boma kazi yangu ni kupaka kuta chokaa tu. Ndiyo siri ya serikali. Na wale wapangaji walikuwa wenzangu, nami nililala chumba cha saba katika banda la Selemani, karibu na choo, mlango wangu wakaung'oa pamoja na ya wengine.

Vyumba kumi na viwili ni uongo, dada. Sina nyumba. Sijapata kuwa nayo hata siku moja.

Mdogo wako,
Jabiri